Notisi ya Kuhama: Wajibu wa Mwenye Nyumba na Haki ya Mpangaji Kisheria

Kufuli mpya kwenye mlango, mabati yaliyong'olewa paani au umeme uliokatwa si njia za kisheria za kumwondoa mpangaji katika nyumba ya kuishi nchini Kenya, hata anapodaiwa kodi ya miezi kadhaa. Sheria humtaka mwenye nyumba atoe notisi, asubiri muda wake uishe, na endapo mpangaji atakataa kuondoka, aende mahakamani. Notisi hukomesha upangaji. Amri ya mahakama ndiyo inayomtoa mtu nyumbani.

Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha migogoro mingi baina ya wenye nyumba na wapangaji. Wenye nyumba wengi huamini kwamba muda wa notisi ukiisha wana ruhusa ya kutoa vyombo nje. Wapangaji nao, wakisikia kwamba hawawezi kutolewa bila amri ya mahakama, hudhani kwamba wanaweza kuendelea kukaa bila kulipa. Dhana zote mbili ni potofu, na kila moja ina gharama. Mwenye nyumba anayetumia nguvu huweza kujikuta yeye ndiye mshtakiwa, na mpangaji anayepuuza notisi hujilimbikizia deni na gharama za kesi.

Sheria zinazohusika

Upangaji wa nyumba za kuishi nchini Kenya husimamiwa na sheria zaidi ya moja. Ya kwanza ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, ambayo sehemu yake kuhusu upangaji inaeleza aina za mikataba, wajibu wa kila upande na namna ya kukomesha upangaji. Ya pili ni Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, inayowalinda wapangaji wa nyumba zenye kodi ya msingi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Ya tatu ni Sheria ya Kukamata Mali kwa Ajili ya Kodi, Sura ya 293, inayoeleza jinsi mwenye nyumba anavyoweza kudai malimbikizo ya kodi kupitia mali ya mpangaji.

Juu ya sheria hizo zote ipo Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika Kifungu cha 43 inatambua haki ya kila mtu kupata makazi yanayofaa. Nyumba za biashara, kama vile maduka na hoteli, zina sheria yake na baraza lake la kusikiliza mashauri. Taratibu zake hazipaswi kuchanganywa na zile za nyumba za kuishi zinazoelezwa hapa.

Upangaji usio na mkataba wa maandishi

Wapangaji wengi wa vyumba vya mijini huingia kwa makubaliano ya mdomo. Hulipa kodi ya mwezi wa kwanza na amana, hukabidhiwa ufunguo, na mambo huishia hapo. Kukosekana kwa karatasi hakumnyimi mpangaji haki zake. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi kinasema kwamba mwenye mali akimruhusu mtu kukaa peke yake katika mali hiyo kwa kulipa kodi, pasipo mkataba wa maandishi, makubaliano hayo huhesabiwa kuwa upangaji wa vipindi. Kipindi chenyewe hupimwa kwa jinsi kodi inavyolipwa: anayelipa kila mwezi ni mpangaji wa mwezi hadi mwezi.

Kanuni hiyo inamgusa pia mpangaji ambaye mkataba wake wa muda maalumu umekwisha. Akiendelea kukaa kwa ridhaa ya mwenye nyumba, anakuwa mpangaji wa vipindi. Hata pale ambapo ridhaa haikutolewa waziwazi, Kifungu cha 60 kinaeleza kwamba mwenye nyumba akiendelea kupokea kodi kwa miezi miwili baada ya mkataba kuisha, upangaji wa mwezi hadi mwezi huhesabiwa kuwa umeanza. Kwa hiyo mwenye nyumba asiyekusudia kuurefusha mkataba anashauriwa kutoa msimamo wake mapema na kwa maandishi, badala ya kupokea kodi kimya kimya.

Muda wa notisi na jinsi ya kuuhesabu

Pale ambapo mkataba umeeleza muda wa notisi, muda huo ndio unaofuatwa. Ambapo haukueleza, Sheria ya Ardhi inaweka masharti mawili kwa upangaji wa vipindi. Kwanza, notisi isiwe fupi kuliko kipindi cha upangaji. Pili, iishe katika siku ambayo kodi hulipwa. Sharti hili la pili ndilo husahauliwa mara nyingi, na notisi nyingi hupingwa kwa sababu yake.

Mfano ni wa mpangaji anayelipa kodi tarehe 5 ya kila mwezi. Mwenye nyumba akimkabidhi notisi tarehe 20 Juni, mwezi mmoja utatimia tarehe 20 Julai, lakini hiyo si siku ya kulipa kodi. Notisi inayotimiza masharti yote mawili itaisha tarehe 5 Agosti. Kama mwenye nyumba alihitaji nyumba yake ifikapo tarehe 5 Julai, alipaswa kumkabidhi mpangaji notisi kabla ya tarehe 5 Juni.

Masharti hayo yanamfunga mpangaji vilevile. Anayetaka kuhama anapaswa kumpa mwenye nyumba notisi ya urefu uleule. Akihama usiku bila kutoa taarifa, anaweza kudaiwa kodi ya kipindi ambacho notisi ingechukua, na mara nyingi amana yake ndiyo huwa ya kwanza kuguswa.

Yanayopaswa kuandikwa katika notisi

Notisi ya mdomo ni ngumu kuthibitisha. Notisi inayofaa huandikwa, huwekwa tarehe na sahihi, na hueleza mambo yafuatayo:

Jina la mwenye nyumba, au la wakala wake aliyeidhinishwa, pamoja na jina la mpangaji.

Nyumba inayohusika kwa namna isiyoleta utata, yaani jina la jengo, nambari ya chumba na mahali lilipo.

Sababu ya notisi, hasa ikiwa ni uvunjaji wa masharti ya upangaji.

Tarehe ambayo upangaji utakoma.

Kiasi cha deni na miezi inayodaiwa, ikiwa kodi ndiyo sababu.

Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi nchini, na ni busara notisi iandikwe kwa lugha ambayo mpangaji anaielewa. Njia ya kuifikisha ni muhimu sawa na maneno yake. Mpangaji akabidhiwe mkononi na atie sahihi katika nakala, au ipelekwe kwa barua iliyosajiliwa katika anwani yake. Akikataa kutia sahihi, mwenye nyumba aandike tarehe, saa na jina la shahidi aliyekuwapo. Mpangaji anayetia sahihi kwamba amepokea notisi hajakiri kwa kufanya hivyo kwamba yaliyoandikwa humo ni kweli, wala hajapoteza haki ya kuipinga.

Mpangaji anapodaiwa kodi

Sheria haimlazimishi mwenye nyumba kuvumilia deni bila kikomo. Chini ya Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi, anaweza kutoa notisi ya nia ya kukomesha upangaji ikiwa kodi imekaa mwezi mmoja bila kulipwa tangu siku iliyopaswa kulipwa, awe alimdai mpangaji kwa maandishi au la. Haki hiyo inapatikana pia pale ambapo mpangaji, kwa muda wa mwezi mmoja, ameshindwa kutimiza sharti jingine la upangaji.

Hata hivyo, kabla ya kuuvunja upangaji kwa sababu ya kosa, Kifungu cha 75 kinataka mpangaji apewe notisi isiyopungua siku thelathini. Notisi hiyo inataja kosa lenyewe na, ikiwa linaweza kurekebishwa, inampa mpangaji muda wa kutosha wa kulirekebisha. Hii ina maana kwamba mpangaji anayelipa deni lake ndani ya muda aliopewa amejibu notisi ipasavyo. Na hata pale muda unapopita, Kifungu cha 76 kinampa nafasi ya kuiomba mahakama imwondolee adhabu ya kupoteza upangaji. Mahakama huangalia mwenendo wa pande zote mbili na mazingira ya shauri kabla ya kuamua.

Nyumba zenye kodi isiyozidi shilingi 2,500

Wapangaji walio chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi wana ulinzi wa ziada. Kodi ya msingi ya nyumba zao huhesabiwa kwa kurejelea kodi iliyolipwa tarehe 1 Januari 1981, au, kwa nyumba ambazo hazikuwa zimepangishwa siku hiyo, kwa tathmini ya Baraza la Kudhibiti Kodi za Nyumba. Mwenye nyumba hawezi kumwondoa mpangaji wa aina hii kwa notisi pekee. Ni lazima apate amri, na amri hutolewa tu kwa sababu zilizotajwa katika Kifungu cha 14.

Miongoni mwa sababu hizo ni kutolipa kodi iliyostahili kulipwa, kuwa kero kwa majirani, kuiharibu nyumba kwa uzembe, kuipangisha kwa mtu mwingine bila idhini, au mwenye nyumba kuihitaji kwa haki kwa ajili ya makazi yake mwenyewe. Hata sababu ikithibitishwa, amri haitolewi mpaka ionekane kwamba ni haki kufanya hivyo katika mazingira ya shauri hilo.

Kwa kuwa kiwango cha shilingi 2,500 hakilingani tena na kodi zinazotozwa katika miji mingi, wapangaji wengi wa leo hawamo katika ulinzi wa baraza hilo. Mpangaji wa chumba cha shilingi 6,000 hutegemea mkataba wake na Sheria ya Ardhi, na shauri lake husikilizwa na mahakama za kawaida. Ndiyo maana ni muhimu kwa kila upande kujua kodi iko katika kundi gani kabla ya kufungua shauri, kwani shauri lililopelekwa mahali pasipo na mamlaka hutupwa nje, na muda na ada huwa vimepotea.

Mpangaji akikataa kuhama

Kifungu cha 73 cha Sheria ya Ardhi kinataja njia mbili za kuutekeleza uvunjaji wa upangaji. Njia ya kwanza ni mwenye nyumba kuingia na kuitwaa mali yake, lakini hilo linaruhusiwa tu ikiwa mpangaji, au mtu mwingine anayekaa kwa haki ya mpangaji, hayumo tena. Njia ya pili ni kufungua shauri mahakamani. Sheria haikuweka njia ya tatu. Nyumba ikiwa bado ina mtu, njia iliyobaki ni mahakama.

Mashauri ya upangaji husikilizwa na mahakama za mahakimu zenye mamlaka, au na Mahakama ya Mazingira na Ardhi, kutegemea thamani na aina ya shauri. Mwenye nyumba anapaswa kufika na mkataba kama upo, nakala ya notisi, uthibitisho kwamba notisi ilimfikia mpangaji, na hesabu ya kodi inayodaiwa. Mpangaji naye ana haki ya kusikilizwa na kuwasilisha stakabadhi zake. Mahakama ikiridhika, hutoa amri ya kumtaka mpangaji aondoke, na asipoitii, amri hiyo hutekelezwa na maafisa walioidhinishwa. Polisi wanapokuwapo, kazi yao ni kulinda amani.

Chifu na wazee wa mtaa wana nafasi muhimu katika kupatanisha, na Katiba katika Kifungu cha 159 inahimiza njia za usuluhishi. Mapatano ya kulipa deni kwa awamu, yakiandikwa na kutiwa sahihi mbele yao, yamewaepusha wengi na kesi. Hata hivyo chifu hana mamlaka ya kuamuru mpangaji atolewe, na barua yake haichukui nafasi ya amri ya mahakama.

Matendo yaliyo kinyume cha sheria

Kila upangaji una ahadi ya mwenye nyumba, iliyowekwa na sheria hata isipoandikwa, kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti atakaa kwa utulivu bila kubughudhiwa. Nyumba ya kuishi inapaswa pia kufaa kwa makazi ya binadamu tangu mwanzo wa upangaji na kuendelea kuwa hivyo. Ahadi hizo hazikomi kwa sababu notisi imetolewa. Zinaendelea hadi upangaji utakapokoma kwa njia ya sheria.

Kumfungia mpangaji nje, kung'oa milango au paa, kukata maji na umeme, au kutuma watu wa kumtisha ni matendo yanayoweza kumfanya mwenye nyumba adaiwe fidia. Kwa nyumba zilizo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Kifungu cha 29 kinafanya kuwa kosa la jinai kumsumbua mpangaji kwa makusudi ili ahame au akubali kodi ya juu. Mpangaji aliyefungiwa nje anaweza kuiomba mahakama itoe amri ya haraka ya kumrejesha wakati shauri likiendelea kusikilizwa.

Kukamata mali ya mpangaji

Mwenye nyumba hana ruhusa ya kuchukua televisheni, godoro au jiko la mpangaji na kuviweka kama rehani. Sheria ya Sura ya 293 inaruhusu mali kukamatwa kwa ajili ya kodi, lakini kazi hiyo hufanywa na dalali mwenye leseni chini ya Sheria ya Madalali ya mwaka 1996. Dalali huorodhesha mali kwa maandishi na kumpa mpangaji muda wa kulipa deni na kuikomboa kabla haijauzwa. Kwa nyumba zinazodhibitiwa kodi, ruhusa ya baraza inahitajika kwanza. Kukamata mali ni njia ya kudai deni, na hakumpi mwenye nyumba haki ya kumtoa mpangaji.

Nyumba inapouzwa, na suala la amana

Kubadilika kwa mmiliki hakufuti upangaji. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inatambua upangaji wa vipindi na ule usiozidi miaka miwili kuwa haki zinazoifunga ardhi hata kama hazikuandikwa katika rejista. Mnunuzi anayetaka nyumba iwe tupu anapaswa kumpa mpangaji notisi kama ambavyo mmiliki wa kwanza angepaswa kufanya.

Amana nayo ni fedha ya mpangaji iliyowekwa kwa mwenye nyumba kwa sababu maalumu, kwa kawaida kodi isiyolipwa au uharibifu. Njia bora ya kuepuka ugomvi ni pande zote mbili kukagua nyumba pamoja siku ya kuingia na siku ya kutoka, na kuandika walichokiona. Dai la fedha lisilozidi shilingi milioni moja linaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo imepewa siku 60 kumaliza shauri.

Wasio wapangaji

Baadhi ya wenye nyumba na wapangaji hutaja notisi ya miezi mitatu kana kwamba inamhusu kila mtu. Notisi hiyo inatokana na marekebisho ya sheria za ardhi ya mwaka 2016, na inawahusu watu wanaokaa kwenye ardhi bila idhini ya mwenyewe. Marekebisho hayo yanataka pia kwamba wanaotekeleza shughuli ya kuwaondoa watu wajitambulishe, waonyeshe kibali rasmi, waheshimu utu wa wanaoondolewa, na wawape nafasi ya kwanza kubomoa na kuokoa mali yao. Mpangaji wa kawaida ana njia yake, iliyoelezwa hapo juu.

Kumbukumbu na msaada

Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika mashauri ya kodi methali hiyo huonekana ukweli wake. Mwenye nyumba anayeandika tarehe na kiasi cha kila malipo, na mpangaji anayetunza stakabadhi na ujumbe wa M-Pesa, hurahisisha kazi ya msuluhishi na ya hakimu. Asiye na kumbukumbu hubaki na neno lake dhidi ya neno la mwenzake.

Mwananchi asiyemudu wakili anaweza kutafuta msaada katika Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, au katika mashirika yanayotoa ushauri wa kisheria bila malipo, likiwemo Kituo cha Sheria. Maafisa wa masijala za mahakama nao hueleza fomu zinazohitajika na ada zake. Anayepokea notisi asingoje siku ya mwisho: aisome, ahesabu tarehe zake, akusanye stakabadhi na atafute ushauri mapema. Anayetoa notisi naye aihakiki tarehe kabla ya kutia sahihi, kwa kuwa notisi yenye kasoro humlazimu kuanza upya, na miezi ya kodi aliyotaka kuiokoa huwa imepita.